Mgonjwa Ametoka ICU, Wewe Je?

Mgonjwa anayewekewa mashine ya kupumulia katika ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, kwa kawaida hulazwa kwa dawa za usingizi, na akipona mara nyingi hana habari na siku zile. Atakuambia anakumbuka kupakiwa kwenye gari la wagonjwa, halafu anakumbuka nesi akimwita kwa jina. Katikati hakuna kitu. Aliyeyaona yote ni ndugu yake, aliyekuwa akiingia kwa dakika chache anazoruhusiwa kisha anarudi kwenye benchi la nje kusubiri. Yeye ndiye aliyeuona mpira mdomoni, mikono iliyofungwa kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda, uso uliovimba hadi hautambuliki. Yeye ndiye aliyesikia mashine zikilia na kuona watu wakikimbilia kitanda ambacho hakujua ni cha nani. Na yeye ndiye asiyeulizwa hali, kwa kuwa hakulazwa.

Makala haya ni yake.

Miezi miwili au mitatu baadaye, mgonjwa yuko nyumbani anajifunza kutembea upya, au ameshazikwa na turubai limeondolewa uani. Ndugu huyu simu ikilia usiku anashtuka hadi anatetemeka. Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu inamrudisha pale mlangoni. Anazunguka njia ndefu ili asipite karibu na hospitali. Usingizi unakatika saa tisa usiku, na ule uso uliovimba unamjia bila kuitwa. Amekuwa mkali kwa watoto, harusini yupo lakini hayupo, na anajilaumu kwa mambo yasiyokwisha: angewahi, angebisha, asingesaini. Nyumbani wanamwambia amwombe Mungu na asahau. Anamwomba Mungu, na hasahau.

Hali hiyo ina jina na ina tiba. Wataalamu wanaiita msongo wa baada ya kiwewe. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliiingiza kwenye orodha yake ya maradhi mwaka 1980, wakati askari waliorudi kutoka vita ya Vietnam walipokuwa wakihangaika nayo, na kwa miaka mingi watu wengi waliiona kuwa maradhi ya vita. Lakini kumtazama mtu umpendaye akiwa kati ya uhai na kifo, siku baada ya siku, bila uwezo wa kufanya lolote, kunatosha. Wiki za mwanzo, kushtuka na kukosa usingizi ni jinsi mwili unavyopokea jambo zito, na wengi hupoa wenyewe. Ukipita mwezi na bado dalili zinakuzuia kulala, kufanya kazi au kuishi na watu wako, usiendelee kuziita mawazo tu. Ni ugonjwa.

Tunajua ukubwa wa jambo hili hasa kutokana na kazi iliyofanywa Ufaransa. Mwaka 2005 daktari Élie Azoulay na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti katika ICU 21 za nchi hiyo. Waliwatafuta ndugu 284 miezi mitatu baada ya mgonjwa kutoka au kufariki, wakawauliza maswali. Mmoja kati ya watatu alikuwa na dalili za kutosha kutia wasiwasi. Kwa wale waliohisi hawakupewa maelezo kamili, walikaribia nusu. Kwa waliofiwa mle ndani, walifika nusu. Na kwa wale walioshiriki katika uamuzi wa mwisho wa maisha ya mgonjwa, yaani kusitisha au kutoongeza matibabu, walikuwa wanane kati ya kumi. Dodoso la namna hiyo linaonyesha dalili, si hukumu ya daktari baada ya kumpima mtu, lakini hata hivyo hizo si namba za kupuuzwa. Wakati wa UVIKO-19, milango ilipofungwa na ndugu wakaagana na wagonjwa kwa simu, hali yao ilikuwa mbaya kuliko ya ndugu wa wagonjwa wengine. Matokeo ya ICU 23 za Ufaransa yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha asilimia 35 ya ndugu wa wagonjwa wa UVIKO walikuwa na dalili baada ya miezi mitatu, dhidi ya asilimia 19 ya ndugu wa wagonjwa wengine waliokuwa na hali ya mapafu inayofanana.

Sasa chukua namba hizo uongeze mambo yetu. Kwetu ndugu wa mgonjwa mara nyingi ndiye anayetumwa dawa duka la nje usiku, ndiye anayesaka watu wa kuchangia damu, ndiye anayeendesha kundi la michango la WhatsApp, ndiye anayepiga hesabu ya bili kila asubuhi na kuona aibu kwamba anawaza pesa wakati mtu wake anapigania roho. Analala chini kwenye kanga, au harudi nyumbani kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha siku. Anayepitia hayo kisha akawa mzima moja kwa moja ana bahati. Anayeumia hana udhaifu wowote wa imani wala wa moyo.

Kuna yanayoweza kufanywa, na mengi yanaanza mgonjwa akiwa bado ndani.

La kwanza ni kupata maelezo, na kupata nafasi ya kusema. Mwaka 2007 daktari Alexandre Lautrette na wenzake walitoa matokeo ya jaribio katika ICU 22 za Ufaransa, lililohusu familia za wagonjwa 126 waliokuwa wanakaribia kufa. Nusu ya familia zilipata kikao cha kawaida na daktari. Nusu nyingine zilipewa kijitabu cha kuwasaidia wafiwa, na kikao kilichopangwa vizuri, ambamo daktari alitakiwa kuthamini wanachosema, kukubali uchungu wao, kusikiliza, kuuliza mgonjwa alikuwa mtu wa namna gani, na kuwakaribisha waulize. Kikao kilichukua dakika 30 badala ya 20. Tofauti kubwa ilikuwa kwa muda ambao familia yenyewe iliongea: dakika 14, dhidi ya dakika 5 za wenzao. Miezi mitatu baadaye, wenye dalili za kiwewe walikuwa asilimia 45 upande huo na asilimia 69 upande wa kikao cha kawaida. Dakika tisa zaidi za kusikilizwa zilikuwa sehemu ya tiba.

Usisubiri upewe kikao hicho. Kiombe. Wengi wetu tunaogopa kumuuliza daktari tusionekane wajuaji, au tunamvizia koridoni akiwa anakimbia, tunaambulia "anaendelea, tumwombee." Nenda kwa muuguzi wa zamu, umsalimie vizuri, mwambie familia inaomba kukaa na daktari baada ya raundi, umwulize ni saa ngapi hasa. Nendeni wawili, kwa sababu mtu mwenye hofu husikia nusu tu. Andikeni maswali. Uliza ni kiungo gani kimeshindwa kufanya kazi na kwa sababu gani. Uliza kimebadilika nini tangu jana. Uliza wanatarajia kuona nini katika siku mbili zijazo, na wasipokiona watafanyaje. Kisha uliza lile linalokutisha kuliko yote: "Daktari, samahani, naomba uniambie ukweli, anaweza kufa?" Anayeulizwa hivyo kwa heshima mara nyingi hujibu kweli, na ukweli mchungu unaouelewa hukutesa kidogo kuliko fumbo unaloliwaza usiku kucha. Na wewe mweleze daktari ni nani amelala pale: fundi seremala, babu wa wajukuu sita, mtu asiyekosa redio ya jioni, mtu anayeogopa sindano tangu utoto.

Omba pia ueleweshwe unachokiona, kwa sababu nusu ya kinachobaki kichwani ni vitu ambavyo hakuna aliyevifafanua. Mashine hulia mara nyingi bila hatari yoyote, pengine waya umelegea tu. Uvimbe wa uso na mikono mara nyingi hutokana na maji mengi aliyopewa kuinua shinikizo la damu na mishipa inayovujisha kwa sababu ya ugonjwa. Mikono hufungwa ili asije akaung'oa mpira wa hewa katika usingizi, na una haki ya kuuliza kama bado kuna haja ya kuifunga. Kisha kuna kuweweseka. Dawa zikipunguzwa, mgonjwa anaweza kukutukana, kukushutumu kuwa unataka kumuua, kuita watu waliokufa zamani, kuona wadudu ukutani. Watu wazima wenye akili zao wametoka mle wakiamini ndugu yao ameingiwa na jini, au kwamba marehemu wanamwita na hana siku nyingi. Ni ubongo uliovurugwa na ugonjwa, maambukizi, dawa na kukosa usingizi wa kweli. Hutokea kwa wagonjwa wengi wa ICU, na kwa wengi hupita. Mshike mkono, mtajie jina lako, mwambie leo ni siku gani na yuko wapi. Aliyoyasema usiyabebe kama siri aliyokuwa akikuficha.

Na tafadhali, usimpige picha akiwa na mipira ukairusha kwenye kundi la familia. Najua kwa nini watu hufanya hivyo: walio mbali wanataka kuona, na wachangiaji wanataka kuamini. Lakini picha ile itabaki kwenye simu yako na ya binti yake, itajitokeza mwenyewe mwaka mmoja baadaye ukiwa unatafuta picha ya mtoto, na mgonjwa hakukupa ruhusa. Andika maneno. Chagueni mtu mmoja wa kutoa taarifa mara moja kwa siku, saa ileile, ili anayekesha hospitalini asijibu simu arobaini akirudia habari ileile yenye uchungu.

Nije kwenye uamuzi, maana hapo ndipo wengi wanapoumia kwa miaka. Daktari anakuja na kusema mgonjwa hajibu matibabu, kwamba moyo ukisimama hawaoni faida ya kuushtua tena, au kwamba mashine inarefusha kufa tu. Anaomba familia iseme. Na familia, mara nyingi, inamsukuma mtu mmoja mbele: mtoto wa kwanza, au mke, au yule aliyesoma. Anaweka sahihi. Kuanzia siku hiyo moyoni mwake imeandikwa kwamba yeye ndiye aliyezima mashine. Kwa mjane inaweza kuwa mbaya zaidi, kwani wapo mashemeji watakaoligeuza jambo hilo kuwa kesi wakati wa mirathi.

Asiachwe mtu mmoja na mzigo huo. Kabla ya kujibu, ombeni muda wa kukutana, hata kama ni saa mbili tu. Kaka aliyeko Muscat au London anayeamrisha kwa simu wafanye kila linalowezekana, awekwe kwenye spika ndani ya kikao hichohicho, amsikie daktari kwa masikio yake na amuulize mwenyewe. Kama mnamtegemea sheikh au padri kwa mambo mazito, mwiteni kabla ya uamuzi, asije tu kuzika. Mkikaa na daktari, badilini swali. Swali la "sisi tunataka nini" jibu lake siku zote ni kwamba tunamtaka aishi. Ulizeni: yeye angeweza kusema leo, angesema nini? Aliwahi kusema lolote alipomuuguza mama yake? Kisha mrudishieni daktari sehemu yake: "Wewe kwa ujuzi wako unashauri nini, na kwa nini?" Daktari akishauri na familia ikakubali, uamuzi wa kitabibu unabaki kwa waliosomea tiba. Nyinyi mmekuwa sauti ya mgonjwa, na kinachomuua ni ugonjwa. Baadaye andikeni kwenye daftari: tarehe, waliokuwepo, alichosema daktari, mlichokubaliana. Kurasa hizo zinaweza kumwokoa mtu na maneno ya watu, na zaidi zinaweza kumwokoa na maneno yake mwenyewe ya usiku.

Daftari lina habari yake nyingine. Katika nchi za Skandinavia wauguzi walianza zamani kuandika shajara ya kila siku kwa ajili ya mgonjwa, ili akiamka ajue yaliyompata, na familia nayo huandika humo. Majaribio ya mwanzo yalitia moyo sana. Lakini jaribio kubwa la Ufaransa lililotolewa mwaka 2019, lenye wagonjwa 657 katika ICU 35, halikuona tofauti ya maana katika dalili za kiwewe, kwa wagonjwa wala kwa ndugu. Kwa hiyo nakushauri uandike kwa sababu litakusaidia kukumbuka ulichoambiwa na kumweleza mgonjwa akipona. Usilitegemee kama dawa.

Kuhusu mwili wako sitasema mengi. Pangeni zamu kwa majina na siku, kuleni, na aliyekesha asiendeshe gari wala pikipiki kurudi nyumbani. Watoto waambiwe ukweli kwa maneno mepesi, kwani mtoto aliyeambiwa "baba amesafiri" hujitengenezea hofu yake peke yake.

Halafu siku zile zinaisha, na hapo kuna kosa letu la upendo. Kila mgeni anayekuja kutoa pole au kumjulia hali mgonjwa anauliza, "Ilikuwaje?" Nawe unasimulia tangu mwanzo, mara ya kumi, mara ya ishirini. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kuwa kumkalisha mtu kikao kimoja mara tu baada ya tukio na kumtaka aeleze yote hakumkingi na kiwewe, na kunaweza kumdhuru. Una haki ya kusema, "Nashukuru umekuja, leo sina nguvu ya kusimulia." Mteue shemeji mmoja awe msimulizi. Anayependa kusaidia na alete unga, afue nguo, akae na wewe kimya.

Upande wa dawa, onyo moja kubwa. Mfiwa akikosa usingizi, jirani humletea diazepamu iliyobaki kwake au humwelekeza duka la dawa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa za jamii hiyo zisitolewe kwa ajili ya dalili za kiwewe ndani ya mwezi wa kwanza. Mwili huzizoea upesi, na hakuna ushahidi kwamba zinazuia ugonjwa huu. Pombe nayo, ambayo wanaume wengi huikimbilia kwa kuwa hawaruhusiwi kulia, hukata usingizi mzuri na kurefusha dalili.

Arobaini ikishapita, watu hutawanyika. Hapo ndipo mtu anapoachwa na kichwa chake, na miezi mitatu, muda uleule ambao watafiti waliuchagua kuuliza, huwa kimya kabisa. Wenye mgonjwa aliyepona nao wana lao: wanaamka usiku kusikiliza kama anapumua, na wanashangaa kwamba ametoka mle mdhaifu, msahaulifu, mwepesi wa hasira. Watu wote wanasema "amepona," kwa hiyo wanaona haya kulalamika. Kama una maswali ambayo hayajajibiwa, rudi hospitalini wiki kadhaa baadaye uombe kuonana na daktari au muuguzi aliyemhudumia. Nenda na mtu, nenda na daftari. Wengi hujikuta wamebeba lawama kwa jambo ambalo maelezo ya dakika kumi yangeliondoa.

Kama hata hivyo dalili hazipoi, tiba ipo. Iliyo imara zaidi ni ya mazungumzo na mtu aliyefunzwa, ambaye hupitia na wewe kisa chote polepole, kwa vikao kadhaa, hadi kumbukumbu ile iwe jambo lililopita badala ya jambo linalotokea tena kila usiku. Zipo pia dawa za kutibu sonona ambazo daktari anaweza kukuanzishia. Asikudanganye mtu kwamba haya ni ya Wazungu. Katika kambi ya Nakivale nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwatumia wakimbizi wenyewe, wasio wataalamu lakini waliofunzwa, kuwasaidia wakimbizi wa Rwanda na Somalia kusimulia maisha yao kwa mpangilio katika vikao sita. Takriban saba kati ya kumi hawakuwa tena na ugonjwa baadaye, dhidi ya wasiofikia wanne kati ya kumi waliofuatiliwa tu bila ushauri. Moshi na Bungoma nako wahudumu wa kawaida waliofunzwa wameendesha ushauri wa namna hiyo kwa watoto waliofiwa na wazazi.

Kinachowazuia wengi ni jina la mahali. Ukitaja hospitali za wagonjwa wa akili za Mirembe, Mathari au Kidongo Chekundu, watu wananong'ona. Huhitaji kuanzia huko. Anza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, au muulize afisa ustawi wa jamii wa hospitali ileile alikolazwa mtu wako, kwani ni sehemu ya kazi yake. Lakini kama umeanza kufikiria kufa, au kumfuata marehemu, usisubiri miadi: mwambie mtu leo, na mwende pamoja idara ya dharura. Kenya, Msalaba Mwekundu una namba ya bure ya msaada wa kisaikolojia, 1199.

Kwa wanaosimamia hospitali zetu nina ombi la gharama ndogo: chumba kimoja chenye viti na mlango unaofungika, ambamo daktari atakaa na familia, na saa maalumu ya kila siku ya kutoa maelezo, ibandikwe ukutani.

Na wewe uliyesoma hadi hapa kwa sababu unajiona humu, usitafute maneno makubwa ya kumwambia daktari. Ingia, kaa, sema: "Ndugu yangu alilazwa ICU, na tangu siku ile silali." Yanatosha kuanzia. Nenda wiki hii.